Theluji ya Rwenzori wakati wa masika: mwongozo kwa anayetoka Goma

Mwezi wa nne, baada ya mvua ya usiku kucha, mawingu yakifunguka mapema, mtu aliyesimama Birere, mjini Goma, akitazama kaskazini-mashariki anaona kilele cha Karisimbi kimekuwa cheupe. Watu wanasimama kidogo, wanaonyeshana kwa kidole, mwenye pikipiki anazima injini apige picha. Kufikia saa nne asubuhi weupe umekwisha na mlima umerudia rangi yake. Jina la mlima huo limebeba simbi, lile gamba jeupe, maana yake wazee waliuona weupe huo muda mrefu kabla yetu. Mtu wa Goma anayetaka kukanyaga theluji aanze kujifunza hapo: theluji ya kwetu huhesabiwa kwa saa.

Ulaya na Kanada wanaihesabu kwa miezi. Machi, Aprili na Mei, majira yao ya kuchipua, theluji ya milimani huganda usiku na kulainika mchana, na wapandaji wa huko hupanga safari zao kwa kufuata mzunguko huo. Sisi wa karibu na ikweta tunao mzunguko huo kila siku ya mwaka: usiku ni baridi ya kugandisha, mchana jua liko utosini. Ndugu yako aliyeko Grenoble akikutumia ushauri wa kutembea kwenye theluji ya Aprili, upokee, mwingi utakufaa. Tofauti ni kwamba yeye anatazama kalenda, wewe utatazama saa ya mkononi.

Mwongozo huu ni wa Rwenzori, na hasa kilele cha Margherita juu ya mlima Stanley, mita 5,109, palipo mpaka wa Kongo na Uganda. Hiyo ndiyo barafu ya kudumu iliyo karibu nasi kuliko nyingine yoyote. Ninaandika kuhusu masika kwa sababu ndipo wengi wetu tunapopata nafasi: likizo ya Pasaka inaangukia katikati ya mvua. Ukiweza kusubiri, nenda mwezi wa saba, au kati ya Krismasi na mwisho wa mwezi wa pili, mateso yatapungua karibu nusu. Kama huwezi, twende.

Hatua ya kwanza: upande gani, na saa ya nani

Njia ya kwetu inaanzia Mutwanga, ndani ya Hifadhi ya Virunga, ikipitia vibanda vya Kalonge, Mahangu na Kiondo. Ningefurahi sana kukuambia upite huko. Lakini eneo la Beni limeona mauaji ya waasi wa ADF tangu 2014, na mimi siwezi kumwandikia mtu njia ambayo hatari yake kubwa si mlima. Kwa sasa panda kutokea Uganda.

Kutoka Goma unavuka Gisenyi, unapita Musanze, unavuka tena Cyanika kuingia Kisoro, halafu Kabale, Mbarara, Kasese. Tenga siku mbili. Hali ya mipaka iulize wiki ileile ya safari, kwa mtu aliyevuka wiki ileile. Karatasi za kusafiria ziwe tayari pamoja na kadi ya njano ya chanjo. Na mifuko ya plastiki usiibebe kupitia Rwanda. Ilipigwa marufuku tangu 2008 na utaivua mpakani, vitu vyako vimwagike mbele ya watu. Nguo zako zifunge kwenye mfuko mzito usiopitisha maji, ule unaokunjwa mdomo mara tatu.

Jambo dogo linalopotosha watu wa Goma kila mara: saa ya Uganda iko mbele ya yetu kwa saa moja. Kasese jua linachomoza karibu saa moja asubuhi kwa saa yao, na linafika utosini karibu saa saba mchana. Badilisha saa yako Cyanika, usingoje kukumbushwa. Saa zote nitakazotaja kuanzia hapa ni za Uganda, na utaona kwa nini dakika sitini zinaweza kuwa tofauti ya kurudi kwa miguu yako au kwa mabega ya wengine.

Hatua ya pili: piga hesabu ya baridi ukiwa bado nyumbani

Goma iko kwenye mita kama 1,500. Kila ukipanda mita 1,000, joto linashuka digrii kama sita. Kutoka kwetu hadi Margherita ni mita 3,600 za kupanda, yaani digrii 21 au 22 zinaondoka. Asubuhi ambayo Goma ina digrii 18 na wewe unavaa sweta kwenda kazini, kule juu ni chini ya sifuri, na hapo sijahesabu upepo. Ukiloa huku upepo unavuma, baridi hiyo inakuingia mara mbili.

Kwa hiyo nguo. Jinzi iache nyumbani. Pamba yoyote, hata fulana nzuri ya ndani, iache nyumbani, kwa sababu ikiloa haikauki na inakunyonya joto. Chaguwa ya Goma, yaani mitumba, ina vitu vizuri mno vya sufu na vya poliesta kwa anayejua kupekua: shika kitambaa, kisugue, soma kile kikaratasi cha ndani ya kola. Unahitaji fulana mbili nyembamba za kubana mwili, sweta moja nzito, koti la mvua lenye kofia ambalo maji hayapiti hata kwenye mshono, suruali ya mvua, kofia ya sufu, na glavu jozi mbili. Nasema mbili. Mwaka niliopanda mara ya kwanza nilikuwa na jozi moja, nikavua glavu ya kulia nifunge kamba ya kiatu, upepo ukaibeba ikaenda zake Kongo bila mimi. Saa nne zilizofuata nilitembea mkono ukiwa ndani ya soksi.

Miguuni unahitaji vitu viwili tofauti. Chini ya kibanda cha Bujuku vaa mabote ya mpira, yale ya kawaida ya kulimia, makubwa kwa namba moja ili soksi mbili ziingie. Wageni wengi hufika na viatu vya bei kubwa na siku ya pili wanatamani mabote ya wapagazi. Kwa theluji utahitaji viatu vigumu vya mlima vinavyopokea kramponi, vile vyuma vya meno vinavyofungwa chini ya soli. Viatu, kramponi, shoka la barafu, kofia ngumu na mkanda wa kujifungia kamba vinakodishwa kule kule; hakuna haja ya kuvitafuta Goma. Vijaribu kabla ya kulipa, ukiwa umevaa soksi zako mbili: teremka ngazi, na kama kidole gumba kinagonga mbele, omba namba nyingine.

Miwani ya jua ni lazima, ya giza na inayofunika pembeni. Theluji mpya hurudisha mpaka asilimia 80 ya miale inayochoma macho. Mtu anaweza kuamka usiku akihisi kama amemwagiwa mchanga machoni, haoni kitu, na huko juu hakuna wa kumshika mkono siku mbili. Ngozi nyeusi nayo inaungua, hasa midomo, puani na chini ya kidevu ambako mwanga unatokea chini. Vazelini inalainisha tu, haizuii jua.

Chakula nitakisema haraka. Beba jibini ya Masisi, karanga, dagaa za sambaza zilizokaangwa zikakauka vizuri, na tangawizi ya chai. Maharagwe yasahau. Elena, kibanda cha mwisho kabla ya kilele, maji yanachemka kwenye digrii kama 85 tu, utachoma gesi mchana kutwa na punje bado itagonga jino.

Hatua ya tatu: mwili uuzoeshe kidogo kidogo

Mazoezi yafanye miezi miwili kabla. Panda na kushuka Mlima Goma mara nne mfululizo ukiwa na bidoni ya lita kumi mgongoni, mara tatu kwa wiki. Mwenye nafasi ya kwenda Bukavu, na hifadhi ikiwa inapokea wageni, Kahuzi ya mita 3,308 ni shule nzuri ya matope, mianzi na kutembea ukiwa umeloa.

Lakini mapafu mazuri hayakukingi na ugonjwa wa mwinuko. Margherita kila pumzi inakupa oksijeni zaidi kidogo tu ya nusu ya ile ya pwani. Sisi wa Goma tumezoea mita 1,500, na hilo linatusaidia kidogo, kisha linatudanganya. Kanuni inayofuatwa duniani kote ni kwamba ukishapita mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa siku. Sasa tazama vibanda vya njia ya Nyakalengija, ile ya upande wa Uganda, kwa mita: Nyabitaba 2,651, John Matte 3,414, Bujuku 3,962, Elena 4,541. Kutoka John Matte mbele, kila usiku unavuka kiwango hicho, na ule wa kabla yake unaruka mita 763. Ndiyo maana ninamwambia kila ndugu anayeniuliza: lipia usiku mmoja wa ziada Bujuku. Watu hukataa kwa sababu ya pesa. Ni pesa nzuri kuliko zote utakazotumia katika safari hiyo, na katika masika ina faida nyingine: inakupa siku ya akiba kama theluji imeanguka kwa wingi.

Dawa ya asetazolamidi inawasaidia baadhi ya watu. Muulize daktari wa Goma kabla ya kuondoka, usiinunue barabarani.

Hatua ya nne: jua kuuliza njia

Hapa nitakaa, kwa sababu ndipo watu wetu wengi wanapokosea, na kosa lenyewe linatokana na adabu njema.

Ukikutana na watu wanaoshuka, ukawasalimia na kuuliza "Njia iko vizuri?", watakujibu "Iko vizuri." Ungejibu hivyo wewe pia. Nani atamvunja moyo mgeni aliyetoka Goma kwa siku mbili za basi? Swali hilo linaomba heshima, na heshima utapata. Uliza swali ambalo jibu lake ni kipimo.

Mara ya pili nilipopanda nilikutana na mzee mmoja, kiongozi wa njia, karibu na John Matte, akishuka na wageni wawili waliochoka. Nikamwamkia, nikampisha akae kwenye jiwe, kisha nikamuuliza:

"Mzee, jana saa tatu asubuhi, pale juu kwenye uwanda wa Stanley, mguu ulikuwa unazama mpaka wapi?"

Akafikiri. Akainama akajigusa kidogo juu ya kifundo. "Hapa."

"Na mkirudi?"

Akapandisha mkono mpaka katikati ya goti na paja. "Hapa. Tulichelewa. Mmoja alitaka kupumzika sana."

"Theluji mpya ilianguka lini?"

"Juzi usiku. Na jana jioni tena, kidogo."

Mazungumzo hayo hayakuchukua dakika mbili na yalinipa kila kitu. Nilijua kuna theluji mpya juu ya barafu ya zamani, nyufa zimefunikwa, asubuhi inapitika na ikichelewa haipitiki. Tuliondoka Elena mapema kwa saa moja kuliko tulivyopanga.

Maswali yako yawe ya namna hiyo. Mguu unazama wapi, saa ngapi? Theluji ya mwisho ilianguka lini? Ngazi na kamba za kudumu bado ziko, na zimeshikwa na barafu? Kuna ufa mpya, na mnaupitia upande gani? Uliza watu wawili tofauti. Usitegemee maelezo ya miaka iliyopita, hata yakiwa na picha nzuri: Duke wa Abruzzi, mpanda milima Mwitaliano, alipofika kilele hiki mwaka 1906 barafu ya Rwenzori ilikuwa kilomita za mraba sita na zaidi, leo haifikii hata moja. Mahali palipokuwa na barafu ya kutembea sasa pana mwamba wa kupanda kwa mikono, na njia inasogezwa karibu kila mwaka.

Mnande wa Goma ana bahati hapa. Wakonzo wanaoongoza njia upande wa Kasese wanaelewana naye kwa lugha, na neno lao la theluji, nzururu, ndilo lililomo ndani ya jina Rwenzururu. Kama wewe si Mnande, Kiswahili kitakufikisha mbali, na "wasingya" ya kushukuru itakufikisha mbali zaidi. Kiongozi ni lazima kwa sheria ya hifadhi. Mpe jina lake la heshima, kula naye, na siku ya kwanza kabisa mwambie: "Ukiona turudi, tutarudi, wala sitakulaumu, na malipo yako hayatapungua." Yaseme hayo mbele ya kundi zima. Kiongozi asiyeambiwa hivyo atavumilia mambo asiyopaswa kuvumilia, kwa kuogopa kumwudhi aliyelipa.

Hatua ya tano: njia yenyewe, kuanzia chini

Nyakalengija hadi Nyabitaba ni msitu na utelezi. Katika masika njia inakuwa mfereji. Weka mguu kwenye mizizi kwa pembeni, kamwe si juu ya mgongo wa mzizi uliolowa, huo ni sabuni.

Nyabitaba hadi John Matte ni siku ndefu kuliko zote, saa saba au zaidi, mianzi, mawe yenye ukungu wa kijani, kisha vichaka vya erika, virefu kama miti, vinavyoning'inia ndevu za kuvumwani. Mvua itakukuta. Vaa koti kabla hujaloa.

Baada ya John Matte unaingia kwenye tope la Bigo. Sehemu nyingine zina mbao za kupitia, nyingine hakuna, na unaruka kutoka kichaka cha nyasi hadi kingine. Ukikosea unazama mpaka pajani. Tumia fimbo, pima mbele yako, halafu ruka bila kusitasita. Anayesita katikati ndiye anayezama. Nyasi za katikati ya kichaka ni imara, za ukingoni zinalala.

Kutoka Bujuku kwenda Elena mambo yanabadilika. Unaacha mabote, unavaa viatu vya mlima, na kwa mara ya kwanza unakutana na adui ambaye haonekani: barafu nyembamba kama kioo juu ya mwamba. Inatokea pale maji ya mvua ya jioni yanapoganda. Mwamba mweusi unaong'aa kama umemwagiwa mafuta, usiukanyage bila kuugusa kwanza kwa ncha ya fimbo. Ukisikia mlio mkavu, tafuta pengine pa kuweka mguu. Katika masika kipande hiki kipite kabla ya saa nane mchana. Mashariki mwa Kongo ni kati ya sehemu zinazopigwa na radi nyingi kabisa duniani, na mawingu hayo hayana mpaka. Ngurumo ikianza ukiwa kwenye mgongo wa mlima, shuka bondeni, tengana na wenzako hatua kadhaa, weka vyuma mbali.

Ukifika Elena, usilale kwanza. Funga kramponi kwenye viatu vyako ukiwa umevaa glavu, kwa mwanga wa tochi ya kichwani, mpaka uweze bila kutazama. Vifungo viwe upande wa nje wa mguu, visigongane. Mkia wa mkanda uliobaki uuchomeke ndani, maana ukining'inia utaukanyaga kwa jino la mguu mwingine na utaanguka kifudifudi. Tikisa mguu kwa nguvu: kramponi ikicheza hata kidogo, fungua uanze upya. Betri za tochi lala nazo kifuani, baridi inazimaliza. Chupa ya maji iweke kichwa chini, kwa kuwa maji huanza kuganda juu, na asubuhi mdomo wa chupa utakuwa wazi.

Hatua ya sita: usiku wa kilele

Ondoka saa nane usiku. Kama theluji mpya imeanguka, saa saba. Utaambiwa saa kumi inatosha. Katika kiangazi labda, katika masika hapana.

Tembea polepole kiasi kwamba unaweza kusema sentensi nzima bila kukata pumzi. Ukifika kwenye barafu mnafungana kamba. Kamba baina ya watu isilegee ikagusa chini sana wala isikaze. Iwe kama kamba ya kuanikia nguo nyepesi. Usiikanyage kwa meno ya kramponi. Aliye mbele anachoma theluji kwa mpini wa shoka kila hatua akitafuta ufa. Mpini ukiingia ghafla bila kizuizi, simameni wote.

Sasa isome theluji kwa mguu na kwa sikio. Saa tisa usiku inalia chini ya kramponi kama changarawe ya lava kwenye vichochoro vya Majengo, kavu, kali, na meno yanashika. Hiyo ndiyo theluji unayoitaka. Karibu na mapambazuko ndiyo ngumu kuliko zote. Mteremko mkali wa barafu ya Margherita upande hapo, wakati kila kitu kimeshikana.

Jua likishachomoza, sikiliza mlio unavyobadilika. Kwanza ganda la juu linabeba uzito wako kwa nusu sekunde kisha linavunjika, na unatumbukia. Hilo linachosha magoti vibaya. Baadaye punje zinakuwa kubwa na zenye maji, kama sukari iliyomwagiwa chai. Theluji hiyo inashikamana chini ya kramponi ikafanya donge, na meno hayagusi tena kitu. Kila hatua chache gonga kiatu kwa mpini wa shoka mpaka donge lianguke. Mguu ukizama mpaka kifundo, bado uko salama. Ukizama mpaka katikati ya muundi, umechelewa na uanze kugeuka. Ukifika gotini, paa jembamba la theluji lililofunika nyufa nalo limelainika vilevile, na uzito wa mtu mmoja unatosha kulitoboa.

Saa nne asubuhi geuka, popote ulipo. Hata kilele kikiwa mbele yako mita mia moja, hata jua likiwa zuri, hata ukiwa umetoka Goma na kukopa nauli. Mara ya kwanza sikufanya hivyo. Tulifika juu saa tano kasoro robo, tukafurahi, tukapiga picha upande wa Kongo na upande wa Uganda, na wakati wa kushuka kijana wa tatu kwenye kamba alitoboa theluji mpaka kifuani. Mikono yake ilibaki juu imeshika shoka kwa upana, hilo ndilo lililomzuia. Ilituchukua dakika arobaini kumtoa, na nilipochungulia lile tundu rangi yake ilikuwa buluu kisha nyeusi, wala sikuona chini. Tangu siku hiyo ninaweka kengele ya saa nne kwenye simu, kwa sauti ya juu, kundi zima lisikie.

Ukungu ukifunga na usione mtu wa mbele kwenye kamba, simameni. Mbingu na ardhi vinakuwa rangi moja, na mtu anaweza kutembea kuelekea ukingo akidhani ni tambarare. Kiongozi ndiye aseme lini mnaendelea.

Hatua ya saba: dalili za kushuka mara moja

Kichwa kuuma kidogo na kukosa hamu ya kula ni kawaida; pumzika, kunywa, usipande juu zaidi mpaka ipite. Lakini mtu akianza kuyumba, mwambie atembee kwenye mstari, kisigino kikigusa kidole cha mguu wa nyuma, hatua kumi. Akishindwa, anashuka sasa hivi, hata kama ni usiku, hata akikasirika. Kukasirika na kubisha ni sehemu ya ugonjwa wenyewe. Vivyo hivyo anayekohoa huku anahema akiwa ameketi, au makohozi yana povu la rangi ya waridi. Mita 500 hadi 1,000 za kushuka zinafanya kazi ambayo kidonge hakiwezi.

Anayetetemeka sana bado mwili wake unapigana. Aliyekuwa anatetemeka kisha akaacha, akawa mzito wa maneno, huyo ndiye wa kuogopewa. Mvue nguo zilizolowa, mvalishe kavu, mwingizeni kwenye mfuko wa kulalia pamoja na mtu mwenye joto, mpeni chai ya sukari nyingi kama anaweza kumeza mwenyewe. Pombe hapana, hata "kidogo ya kupasha." Usitegemee helikopta. Kule juu, uokoaji ni wanaume wanane na machela, na siku mbili za matope.

Hatua ya nane: kushuka, na kazi iliyobaki

Kwenye theluji laini shuka kwa kisigino, goti limekunjwa kidogo, mwili wima. Kuegemea nyuma ndiko kunakoangusha. Elena kunywa, kula, funga mizigo, ushuke ulale Bujuku au kibanda cha Kitandara siku hiyohiyo. Kubaki Elena usiku wa pili hakuna faida.

Viatu ukirudisha, angalia kama kuna jino la kramponi lililopinda, useme. Mtu mwingine atavivaa wiki ijayo. Mabote yako yasafishe Kasese kabla ya basi, uyajaze magazeti yanyonye maji, uyabadilishe kila saa chache.

Halafu, kabla hujasahau, andika kwenye karatasi yale uliyotaka kuambiwa ulipokuwa unapanda, uiache kwa walioko getini Nyakalengija na uitume kwa kundi lako la Goma. Yangu ya mwisho ilikuwa hivi: "Jumanne. Theluji mpya Jumapili usiku. Saa tisa usiku ngumu, meno yanashika. Saa mbili asubuhi kifundo. Saa tatu na nusu katikati ya muundi. Ufa mpya kushoto chini ya mwamba wa mwisho, pitieni kulia. Ngazi ya pili ina barafu mpaka saa mbili. Saa nne tuligeuka, kilele hatukufika."